Ili Mtoto Awe Mdogo

2 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. U hali gani, na Bonge wako hajambo? Sisi wazima, isipokuwa miguu yangu inavimba nikisimama sana. Bado nafunga mikate pale kiwandani. Shemeji yako yuko na mabomba yake. Akirudi ananuka maji machafu, naziba pua na bado nampenda.

Mimba imeingia mwezi wa saba na wala haionekani. Wenzangu wananisifu. Nakwambia wewe tu: najibana kula. Chai asubuhi, kipande cha mkate mchana, basi. Nyumbani nasema nimekula kazini, kazini nasema nimeshiba nyumbani. Niliona ulivyopasuliwa kumzaa Bonge, ulivyotolewa chumba cha upasuaji midomo imepauka, hujitambui. Mimi kisu sikiwezi. Mtoto akiwa mdogo atapita bila taabu.

Mdogo wako

9 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima, Bonge mzima, amevunja kiti kingine. Lakini barua yako nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Pazia nililokuwa nashona nimelikata vibaya.

Sikiliza. Sikupasuliwa kwa sababu ya chakula. Bonge alikuwa amekingama tumboni. Hata angekuwa na ukubwa wa panya asingetoka. Unene ameupata baadaye, kwa mdomo wake mwenyewe.

Nimemuuliza mkunga wa hapa jirani. Anasema mtoto hapungui kwa adabu ili akurahisishie kazi. Kwanza anachukua akiba yako, damu yako inapungua. Ikiisha, naye anadhoofu. Na mama asiye na damu, akitokwa na damu siku ya kujifungua, ni hatari. Kula mayai, maharage, dagaa, mboga za majani, matunda. Meza vidonge vya kuongeza damu, tena si kwa chai, inavipunguzia nguvu. Nenda kliniki, na mwambie mumeo. Nijibu upesi.

Dada yako

30 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Hujajibu. Nimeulizia posta mpaka karani akiniona anatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo. Umenikasirikia? Kasirika, ila kula. Siri yako imenikaa kooni. Jana nilishika kalamu nimwandikie shemeji, nikaiweka chini. Nikizidi kukosa neno nitamwandikia, na unichukie ukipenda.

Mtoto anacheza? Niambie hilo tu.

Dada yako

11 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nisamehe. Barua yako niliisoma nikaificha, nikajiambia dada anataka tu kunipa moyo. Kisha nikaanguka kazini. Nilipofumbua macho, msimamizi alikuwa ananipepea kwa kipande cha boksi.

Kliniki wakakuta damu iko chini sana. Nesi alinipima tumbo kwa utepe, akarudia, akauliza, "Mama, wewe unakula nini?" Baba kijacho alikuwa amekaa pembeni. Nikasema yote. Hakunifokea. Alisema tu, "Muda wote huo nilikuwa namaliza sahani yangu mbele yako," akatoka nje. Sasa anapika mwenyewe. Maharage yake yana chumvi ya kuua, lakini nayamaliza.

Tumbo limezoea njaa, mayai yanataka kurudi. Na mtoto anacheza kidogo. Najilaza ubavu, mkono tumboni, nasubiri ateke. Nimemfanya nini mwanangu, dada?

Mdogo wako

15 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Lia, halafu ule. Kidogo kidogo, mara nyingi, usijilazimishe sahani nzima. Mshukuru shemeji, na umfiche chumvi. Ila hili lishike: siku mtoto akipunguza kucheza, usisubiri kupambazuke wala usijionee aibu. Nenda hospitali.

Dada yako

6 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Naandika nimelala, usicheke mwandiko. Jumapili alinyamaza tumboni. Sikusubiri, mume wangu alinibeba mpaka barabarani tukapata gari. Daktari akasikiliza, akasema mapigo ya moyo yanashuka, mtoto ni dhaifu, hataustahimili uchungu. Nikapasuliwa, dada. Mtoto mdogo kama nilivyomtaka, na kisu kile kile.

Ni msichana. Hana mashavu. Namweka kifuani, ngozi kwa ngozi, baba yake ananipokea nikienda kuoga. Alikuwa analia kama paka aliyefungiwa kabatini. Kunyonya hakuweza, nikawa namkamulia kwenye kikombe. Madaktari hawaniahidi kitu, wanasema tutaona anavyokua. Akilala sana namwamsha, naogopa.

Lakini leo amekamata ziwa mwenyewe. Nilipomwachisha nimbadilishe nepi, alipiga kelele mpaka mama wa kitanda cha pili akauliza kama hapa ni wodini au sokoni. Nilicheka mpaka mshono ukauma. Njoo umsikie.

Mdogo wako