Jina Lililosomwa Redioni

Chamwino, 11 Juni 2024

Mwanangu Meshack,

Mbukwenyi hapo Nkuhungu. Mtoto hajambo? Sisi tupo, miguu tu ndiyo inanisumbua. Simu yangu iliingia maji, ndiyo maana nakuandikia.

Pole, baba. Pole sana. Jana redio imesoma majina ya wanamuziki wetu walioanguka na ile ndege ndogo karibu na Manyoni, wakienda kupiga ngoma ya muheme kwenye tamasha Mwanza. Wote sita, hakuna aliyepona, na mkeo Zipora yumo. Jamani, Zipora! Nimemlea jikoni kwangu pamoja na Erica wangu hadi ukamwoa.

Huyo Erica sijamsikia. Najua atakuwa hali, halali. Mwambie asikae Nzuguni analia peke yake, aje nyumbani. Siku ya mazishi nijulishe kupitia Yoramu wa bodaboda, aliyeleta barua hii.

Mama yako,
Mama Erica


Nkuhungu, 13 Juni 2024

Shikamoo mama,

Ni mimi Zipora ninayeandika; barua yako Meshack amenipa niijibu mwenyewe. Kaa chini kwanza, mwite na jirani.

Sikupanda ile ndege. Baba yake Meshack alifariki mwezi uliopita, na mkwe hapigi ngoma kabla matanga hayajaanuliwa. Lakini tiketi ilishatoka kwa jina langu, na bila mtu wa ngoma kubwa kikundi kisingesafiri. Erica akasema, "Nipe kitambulisho chako, nani atatutofautisha?" Nikampa. Tena tulicheka! Mama, aliyekufa ni Erica.

Siku tatu nimejifungia ndani. Niliogopa polisi, ila wewe nilikuogopa zaidi. Leo asubuhi nimekwenda hospitali nikasema yote. Pale wamemwandika Zipora, na hawatamtoa kwa jina lake mpaka mama yake mzazi aje amtambue. Nilaani ukitaka, lakini njoo.

Mwanao, kama bado unanikubali,
Zipora


Chamwino, 14 Juni 2024

Zipora,

Salamu leo sina. Barua yako nimeisoma mara nne nikidhani macho yananidanganya. Nimekuchukia usiku kucha, nisikufiche. Siku tatu! Siku tatu mwanangu amelala kwenye barafu na jina la mtu, na wewe unajua.

Lakini kukulaani siwezi, na sababu sijamwambia mtu yeyote, hata mchungaji. Redio iliposoma jina lako, nilipiga magoti nikamshukuru Mungu kwamba si wangu. Wewe niliyekulisha kwa mkono huu! Nikainuka, nikasonga ugali, nikala nikashiba. Ndipo nikaanza kukulilia.

Nakuja kesho kwa gari la asubuhi. Unisubiri mlangoni hospitali, usiingie kabla yangu, na usinipigie magoti mbele za watu. Tutaingia wote wawili, kwa sababu peke yangu sitaweza kumtazama.

Mama yenu