Gololi ni Zangu

Jumatatu, 6 Machi 1995
Kutoka kijijini Kirushya hadi kambini kwa baiskeli, mikungu minne ya ndizi. Imeisha kabla ya mchana. Wakimbizi ni wengi, nami nina ndizi. Kurudi, gurudumu la nyuma limelia mlima wote. Nimelifungua: gololi mbili zimepasuka. Ndizo za mwisho alizoacha marehemu Deo, mume wangu. Za mbele nilishabadilisha mwenyewe, pamoja na koni zinazozibana.

Alhamisi, 9 Machi
Soko la kambini. Fundi Mnyarwanda kanimwagia gololi kiganjani. Zinang'aa. Kung'aa si kitu. Nimedondosha moja moja juu ya jiwe. Iliyoruka ni chuma kigumu, nimechukua; iliyolala nimemrudishia. Kacheka, eti mume wangu kanifundisha vizuri. Deo? Hata spana hakujua kushika! Nimenunua seti nzima, na koni. Mpya hazichanganywi na za zamani zilizolika, mpya zitabeba mzigo peke yake mpaka zipasuke.

Jumamosi, 11 Machi
Gervas, mdogo wake Deo, kapita. Kaizunguka baiskeli, kapiga kengele. Keshokutwa ukoo unagawa mali za marehemu. Mali yenyewe ndiyo hiyo baiskeli. Bila baiskeli ndizi zangu zitaozea shambani, na wanangu watakula nini? Nimekasirika.

Jumapili, 12 Machi
Misa. Mahubiri sikuyasikia. Nilikuwa nawaza gololi.

Jumatatu, 13 Machi
Wamempa Gervas baiskeli. Baba mdogo wa Deo kasema, "Baiskeli ya mwanaume haibaki kwa mwanamke, mama. Ndiyo desturi."
"Sawa, baba. Cha marehemu kichukueni."
Nikaingia ndani, nikatoka na spana. Nikaipindua baiskeli mbele yao wote, nikatoa gololi na koni, mbele na nyuma. Hizi nimenunua mimi, kwa ndizi zangu, nikawaambia. Shangazi yake Deo kacheka mpaka kajifunika kanga usoni. Gervas kaondoka na baiskeli begani.

Alhamisi, 16 Machi
Mkungu mmoja, kichwani. Shingo inauma. Leo nimeogopa njaa, sifichi.

Jumamosi, 18 Machi
Fundi kaniambia Gervas alikuja kununua gololi na koni. Kachukua gololi za bei rahisi, zile zile zilizolala juu ya jiwe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nasubiri.

Jumatano, 22 Machi
Nimeamka, baiskeli imeegemea ukuta wa jikoni. Hakuna mtu, hakuna neno. Gurudumu la nyuma haliendi. Gololi za Gervas zimekuwa chenga.
Nimesafisha vikombe vya gololi kwa mafuta ya taa, nikapaka grisi, nikapanga zangu. Nimezungusha. Kimya.
Jioni nimempelekea mke wa Gervas kichane cha ndizi. Gervas mwenyewe kanipa kigoda. Tumeongea habari za mvua.