Bakuli la Kwanza la Stroberi

Wifi yangu Nambeye,

Nimekaa kwenye kigoda chako karibu na mlango wa jikoni, karatasi nimeilaza juu ya Biblia isikunjamane. Mwandiko wangu unaujua. Ulisema unatembea kama kuku aliyefungwa kamba mguuni. Basi vumilia, maana sina mwingine wa kumwambia haya. Kaka yako akinisikia nimeanza habari za stroberi huinuka akaenda kusimama zizini mpaka ninyamaze, na mume hawezi kulazimishwa kusikiliza.

Stroberi zako zipo hai. Naanza na hilo ili roho yako itulie.

Baada ya kukuzika, tuta lilikuwa limekwisha. Watu wa msibani walikanyaga, mbuzi wa Mama Sichone wakamalizia majani. Nikasema basi, imetosha. Lakini mvua zilipoanza nikaona vijani vinachungulia chini ya makapi, na baadaye vikatoa vile vikamba vyake vya kutambaa. Nikavihamishia kwenye tuta jipya nyuma ya nyumba. Nimefanya yote kama ulivyonionyesha: mabua makavu ya ulezi chini, tunda lisilale kwenye udongo likaoza, miiba pembeni, nungunungu asichimbe, majivu kuzunguka tuta kwa ajili ya konokono. Mvua ikinyesha nayamwaga upya, maana majivu yakilowa konokono hupita juu yake taratibu kama wanakwenda ibadani. Asubuhi nageuza jani moja moja nikiwatafuta. Wavu wa kuzuia ndege ni uleule.

Wavu ule! Kaka yako alipouleta kutoka Rukwa ulikuwa umechakaa na unanuka samaki, paka wote wa hapa Itaka wakahamia kwetu. Mama Sichone akasimama njiani na mzigo wake wa kuni, akauliza, "Jamani Mama Raheli, mnavua samaki gani nchi kavu?" Nawe bila hata kuinua kichwa ukamjibu, "Tunavua wapita njia wenye maneno. Sogea kidogo." Alicheka mpaka akatua mzigo. Wakati ule bado ulikuwa na pumzi ya kutania.

Sikuwahi kukwambia nilivyowaza ulipokuja na miche ile. Bibi wa misheni, uliyekuwa ukimfulia nguo, alikupa michache imefungwa kwenye gazeti lililoloweshwa, ukaibeba njia nzima kifuani kama mtoto mchanga. Mumeo alikuwa amevuka mpaka kwenda migodini Rodesia, na barua zake zilikwisha koma. Nikawaza moyoni, wifi yangu amepata kitu cha kulinda. Tukakilinda pamoja. Tunda likianza tu kuwa jekundu, kesho yake limedonolewa na wale ndege wenye mikia mirefu, au panya amelila upande akatuachia upande. Tukawa tunagombana na ndege kama na majirani.

Halafu kikaja kifua chako.

Uji ukawa unarudi, maziwa yanarudi. Ukaniambia kitu pekee ambacho mdomo wako unakitamani ni stroberi. Basi nikalinda lile tuta. Toka jua linachomoza nilikaa pale na kopo lenye mawe, ndege wakishuka nalitikisa. Kazi nyingine zililala. Zikaiva, nikakuletea kitandani kwenye bakuli la bati lenye maua ya buluu. Ukazinusa, ukatabasamu. Kisha ukasema, "Wifi, haya ni malimbuko. Jumapili ni sikukuu ya mavuno. Zitangulie kwa Bwana, mimi nitakula zinazofuata."

Zinazofuata! Na mimi nilikuwa nauona mwili wako.

Lakini ndivyo tulivyolelewa, mimi na wewe. Ulezi wa kwanza, boga la kwanza, hata yai la kwanza la tetea, hupita kwenye meza ya Bwana kabla ya kufika midomoni mwetu. Nilikusihi ule moja tu, ukafumba mdomo kama mtoto anayekataa dawa. Nikaliweka bakuli juu ya ile meza yako ndogo, uliyosimamisha miguu yake ndani ya makopo ya maji kama ulivyoona misheni, sisimizi wasipande. Nikalifunika kitambaa. Ukalala umegeukia huko.

Jumamosi alfajiri ukaondoka.

Watu wakajaa. Ikahitajika meza pale uani ya kuwekea Biblia ya mchungaji. Mtu mmoja, simjui na sitaki kumjua, akalishusha bakuli, akaliweka chini kando ya ukuta kwa adabu kabisa, na kitambaa chake, akatoka na meza. Sisi tulikuwa tunakuosha. Tukakuvika, tukakuimbia, tukakusindikiza. Jioni nikarudi chumbani nikainua kitambaa. Bakuli lilikuwa jeusi, na weusi wenyewe unatembea.

Si ndege, wifi. Si panya, si konokono. Sisimizi wa ndani ya nyumba, na tulikuwa tumewazuia. Hazikufika kinywani mwako, hazikufika kwa Bwana. Nilikaa pale sakafuni na bakuli mapajani, wanawake wakaja kuninyanyua wakidhani ni uchovu. Jumapili kengele ya sikukuu ililia nikiwa kwenye mkeka wa matanga, nikaziba masikio. Mungu sijamlaumu. Nimemuuliza tu.

Sasa lile ninalolizungukazunguka tangu mwanzo wa barua. Raheli wako anakohoa.

Kaka yako anasema ni vumbi la kupura ulezi. Nami namwitikia, ndiyo, vumbi. Lakini kikohozi kile nakijua, nimelala nacho chumba kimoja nilipokuwa nakuuguza. Dispensari wamempa chupa ya dawa na kutuambia turudi ikiisha. Ameanza kuusukuma uji pembeni.

Juzi stroberi za kwanza zikaiva. Sikukuu ya mavuno ni Jumapili hii, kama mwaka ule. Nimesali, wifi, nikiwa nimepiga magoti kwenye mabua. Kisha nikachuma umande ukiwa bado juu yake, nikampelekea kwenye bakuli lilelile. Akaziangalia kama wewe ulivyoziangalia, akasema, "Mama, hizi si za kanisani kwanza?"

Ndivyo ulivyomlea. Nikamwambia, "Kula."

Akasita. Nikaketi kitandani, nikamtia ya kwanza mdomoni kwa mkono wangu. Akala zote. Maji mekundu yakamshuka kidevuni, akajifuta kwa kitambaa, nami nikamnyang'anya kitambaa nikatoka nacho mbio mpaka kwenye mwanga wa mlango. Nikakinusa. Mara hii ilikuwa stroberi tu, si damu.

Jumapili nitapita mbele ya meza ya Bwana na ulezi wangu tu. Wewe uko karibu Naye kuliko mimi. Akiuliza malimbuko ya bustani yako yako wapi, usijitwike lawama, sema wifi yangu amemlisha mtoto.

Meza ndogo imesimama kando ya kitanda cha Raheli, miguu ndani ya maji, na nakuahidi haitatoka mle chumbani, hata akiihitaji nani. Kila kitakachoiva kitaanza kwa mwanao. Kikibaki, kitakwenda kanisani kwa jina lako. Nitalilinda tuta mradi nina mikono.

Pumzika, wifi. Nawasikia ndege wameshashuka juu ya wavu. Naenda.

Wifi yako,
Mama Yona