Mrija Wangu Ulio Paani

Hospitali ya mgodi, Walikale

Mke wangu mpendwa, Mama Bahati,

Nakusalimu sana, wewe na mtoto wetu, na mama yangu, na wote wa pale mlimani Nyabiondo. Mko wazima? Maharage yamekomaa? Mguu wa mama umepona, au bado anaukokota kwenda shambani? Mimi bado nipo, namshukuru Mungu kwa hilo, na zaidi ya hapo nisikudanganye. Katekista anayekusomea namwomba asiruke neno hata moja kwa kukuonea huruma.

Barua yako niliipata kwa dereva wa kamyo ya mgodi. Nilifurahi, nikacheka peke yangu, mpaka nikafika pale uliposema Bahati huuchomoa mrija wangu wa pombe paani, akanywea uji, akisema anakunywa na papa yake. Najua uliandikisha hivyo ili kunifurahisha. Mama Bahati, nimeogopa kuliko siku ile jiwe liliponikosa mgodini. Mnyang'anye mrija huo sasa hivi, kabla hujasikia mengine.

Unakumbuka nilipokuja likizo nilikuwa nakohoa tayari, tukasema ni vumbi la mawe. Nilikunywa pombe ya ndizi na ndugu wote kwa mrija ule ule. Niliporudi kazini nikatema damu, wakanileta humu katika nyumba ya wagonjwa wa kifua. Humu ndimo nilimofundishwa kwamba ugonjwa huu unapita kwa kikohozi na kwa mate. Na kwa kuwa najua Kihunde, Kiswahili na Kinyanga kidogo, enfirmiye anayetuchoma sindano amenipa kazi ya kusema na wenzangu kila asubuhi kabla ya uji. Nawaambia wafunike kinywa, wateme mate ndani ya kopo lenye majivu, na kila mtu anywe kwa kikombe chake.

Kopo wanalikubali. Kikombe ndicho kinacholeta ugomvi. Unajua kwetu mwenye pombe anakunywa kwanza, kisha anapitisha mrija, watu wote waone hakuna sumu. Mtu akipewa chombo cha peke yake, ni kama ametukanwa.

Ndivyo alivyotukanika Papa Anselmi, mwindaji wa Kashebere, mtu wa maneno mengi na kicheko. Kitanda chake kilikuwa karibu na changu. Siku ya kwanza nilimpa kikombe, akakigeuzageuza.

"Hii kikombe iko ya nani?"

"Iko ya kwako, Papa. Ya kwako peke yako."

"Sababu gani peke yangu? Miye niko mulozi? Nani nilishaka kuroga hapa?"

"Hapana, Papa. Njo ugonjwa tunaogopa, haiko weye."

"Ugonjwa iko ndani yangu. Ukiogopa ile, unaniogopa miye."

Nilimtilia uji ndani ya kikombe kile. Jibu la neno lake nalitafuta hata leo.

Sindano zilipompunguzia kikohozi, akajiona amepona. Nilimsihi abaki, akanicheka. Akaondoka na kile kikombe, akisema mkewe atapata cha kuwekea chumvi. Kwao walimpokea kwa furaha, chungu kimoja na mrija mmoja.

Baadaye mkewe alikuja kwa miguu, amembeba mgongoni binti ambaye umri wa kubebwa umempita zamani. Anselmi walikuwa wamekwisha kumzika. Niliomba chombo cha kumtilia binti uji, na mama akatoa kikapuni kikombe kile kile. Ndani kulikuwa na chumvi kweli.

"Alituambia huku munatenga bantu," alisema. "Tulimukatalia kunywa peke yake. Iko bwana yangu, ningemufanya kama mulozi?"

"Na huyu mutoto, alikunywa naye?"

"Yeye njo alikuwa anamushikia murija, wakati baba yake alikosa nguvu."

Niliimwaga chumvi juu ya jani, nikakiosha kikombe, nikampa binti uji. Hakufika Jumapili. Mama yake amelazwa upande wa wanawake, anakohoa, na asubuhi nikisema maneno yangu ya vikombe hakuna tena anayebisha. Ningependa wabishe, kuliko kunyamaza kwa sababu hiyo.

Sasa habari yangu. Dokta aliniita, akasema sindano hazinisaidii tena, na nikitaka kwenda kwetu hatanizuia. Kamyo inapanda hadi Masisi, ningefika. Mama Bahati, natamani sana. Natamani ile baridi ya asubuhi, moshi wa jikoni mwako, na wewe ukinigombeza kwa viatu vya matope. Nimekataa. Nawajua ninyi na ninajijua mimi. Mngenipa mrija, nami nisingekuwa na moyo wa kuusukuma. Na siku mikono yangu itakapochoka, Bahati ndiye angenishikia.

Usije naye hapa, hata ukisikia nimezidiwa. Akikohoa, akikonda, akitoka jasho usingizini, mpeleke kwa enfirmiye wa Masisi bila kungoja mavuno. Nawe upimwe.

Na mrija wangu usiurudishe paani. Uvunje, uutie motoni. Najua nyumbani kwetu mrija wa mwanamume huvunjwa siku ya kumzika. Wa baba yangu tuliuvunja nawe ukiona. Mama atapiga kelele, atasema unanizika ningali napumua. Mwambie ni mimi niliyekuomba. Bahati akilia, mwache alie. Kisha umkatie mwingine, mdogo, wa kwake mwenyewe, na umfundishe kusema hapana mtu akimwomba.

Nisalimie mama, mwambie asinichukie kwa hili. Nisalimie kaka yangu mkubwa, aliyepokea mrija kutoka mkononi mwangu siku ile ya pombe ya ndizi. Naye aende apimwe kifua, aache ubishi. Nisalimie dada yako aliyekusaidia kulima, na katekista wetu, ambaye leo nimempa kazi nzito.

Ni mimi mume wako, ambaye siku ya kuandika haya ningali hai,

Petro, Papa Bahati