Pengo Kwenye Jedwali

Jumatatu, 12 Januari
Theluji tena. Basi lilichelewa, nimefika ofisini nimeganda. Nimemaliza programu ya magari yanayopeleka wagonjwa wa figo kusafishwa damu. Ni jedwali tu: kila mstari gari, kila kisanduku abiria. Lua, lugha ya programu ninayotumia, ina alama ya # ya kuhesabia. Magari mangapi? #. Abiria wangapi kwenye gari? # tena. Nimeijaribu, imekubali. Bosi anataka ianze kesho.

Jumatano, 14 Januari
Jana Bibi Tereza, mmoja wa wagonjwa wetu, hakuchukuliwa. Mgoa wa Mombasa, tunasali kanisa moja. Alisubiri nje ya jengo lao kule mtaa wa Weston, akihofia gari lisimpite. Baridi ya kukata masikio. Jirani alimkuta ameanguka. Yuko hospitali, vidole vya mguu vimekuwa vyeusi.
Bosi anasema ni uzembe wa dereva. Papa Jules, Mkongomani, mpole. Amesimamishwa kazi.
Sijala.

Alhamisi, 15 Januari
Nimeona. Abiria mmoja alighairi, programu ikafuta jina lake, kisanduku kikabaki nil. Hakuna kitu. Penye pengo # haiaminiki: mara inaliruka, mara inaishia hapo. Kwenye majaribio yangu iliruka. Juzi iliishia hapo. Waliofuata wakawa kama hawapo, na Bibi ndiye aliyefuata. Orodha kwenye simu ya Papa Jules haikumwonyesha kabisa.
Ningeweka idadi ya viti pembeni, nihesabu kwa hiyo. Basi. Nimerekebisha leo kabla chai haijapoa. Najichukia.

Ijumaa, 16 Januari
Nimemweleza bosi. Akafunga mlango. "Si umesharekebisha? Yaishe. Dereva atapata kazi kwingine."
Nikawaandikia mwenyewe wenye kliniki ya figo kwamba kosa ni langu. Mchana Papa Jules akarudishwa. Jioni bosi akaninyang'anya kadi ya mlango wa ofisi.
Kibali changu cha kazi katika nchi hii kinategemea kampuni hii. Naogopa. Mama amepiga kutoka Morogoro, sikupokea.

Jumapili, 18 Januari
Hospitali, baada ya misa. Wamemkata Bibi Tereza vidole vya mguu wa kushoto. Nikamwambia: si Jules, ni mimi, ni programu yangu.
Akageukia dirishani.
"Blanketi limeteleza," akasema.
Nikamfunika, polepole, nisiguse bandeji. Nikakaa. Hakuniambia niondoke.