Mungu Asiyeguswa Alipofika Bukene

Shikamoo, Baba.

Marahaba najiitikia mwenyewe, kama nilivyozoea ulipokuwa umenikasirikia. Leo mwenye hasira ni mimi. Mvua za kwanza zimenyesha, nikaomba ruhusa shuleni ninakofundisha, Tabora, nije Bukene kumsaidia Mama kupanda. Nimekuta nyumba yako imenyamazishwa.

Aliyeinyamazisha ni mtoto wa Baba Mdogo, aliyekulia kwenye mkeka wetu. Amerudi kutoka chuo cha dini na viatu vyenye ncha na maneno marefu. Jina lake silitaji, litanichafulia karatasi. Siku ya kuanua matanga yako alisimama mbele ya watu akafundisha kwamba Mungu haguswi: hahuzuniki, hakasiriki, habadiliki. Kisha akamgeukia Mama, akamwonya aache kumwita Muumba Limatunda, eti ni jina la wapagani. Watu wakaitikia amina. Ilikuwa amina ya watu wanaosubiri wali.

Tangu siku ile Mama hajasali wala kulia. Jana jikoni aliniuliza, taratibu, "Kwa hiyo baba yako alipokata roho, Mungu hakuumia hata kidogo?" Nikachochea moto.

Na huyo Mungu asiyeguswa, bwana mkubwa wetu kamtoa wapi? Kwa Wagiriki. Mimi nafundisha historia, Baba, hilo halinipiti. Kabla Yesu hajazaliwa, wanafalsafa wao walishakaa wakafikiri: kilicho kamili hakiwezi kubadilika, maana kikibadilika kitapungua; na kisichobadilika hakiumii. Walifikiri hayo katika miji yenye hekalu la miungu kila kona. Wakristo wa mwanzo, walipotaka kueleweka na wasomi wa miji ile, wakaazima maneno hayo wakamvika Mungu wa Abrahamu. Siwalaumu. Kila mtu humweleza Mungu kwa maneno aliyonayo, na wao angalau walitoka jasho kueleza ilikuwaje huyo asiyeumia apigiliwe misumari.

Huyu wetu hakutoka jasho lolote. Ameokota joho la Mgiriki, anadhani limeshonwa mbinguni, halafu anataka kumvua Mnyamwezi shuka lake. Mpagani wa ng'ambo kwake ni mwalimu. Mpagani wa Bukene ni babu yake mzaa baba, na huyo anamwonea haya. Kweli nyani haoni kundule.

Leo asubuhi Mama alikaa barazani, ungo wa mbegu mapajani, hainuki. Wewe ndiye uliyekuwa ukisimama nao ukingoni mwa shamba kabla jembe halijagusa udongo, ukimgombeza Mungu kama jirani aliyechelewa kurudisha shoka: "Limatunda, mwaka jana ulitusahau. Mwaka huu nakutazama." Sisi watoto tulicheka huku tukiogopa radi.

Nikauchukua ungo, nikaenda kusimama pale pako. "Limatunda," nikasema, nikarudia jina hilohilo mara tatu bila kufika kwenye ugomvi. Baba, sikujua kama hata kugombana na Mungu kunahitaji mazoezi.

Mama akanifuata. Akaushika ungo upande wa pili.

"Limatunda, umemchukua mwenye ungo huu," akasema. "Kama hukuumia, shauri yako. Kama uliumia, njoo tulie."

Akalia, Baba. Alilia mpaka mbegu za juu zikalowa, na mimi nikalia naye. Kisha akajifunga kanga kiunoni, akapanda mstari mzima bila kunyoosha mgongo.

Hilo ndilo nililotaka ulijue. Nakukumbuka sana, mzee wangu. Pumzika, shamba tunalo. Nakuahidi kwamba maadamu nipo, kila msimu ungo huu utapata mikono ya kuushika na jina la kuita. Na mtoto wa Baba Mdogo akija wakati wa mavuno, kama kawaida yake, nitamkaribisha vizuri, nitamnawisha mikono, nitamwekea sahani tupu. Tumbo lisiloguswa litavumilia.

Binti yako.