Uje na Ngozi Safi

Moshi, 3 Machi 2019

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini umzima na duka la khanga linakwenda. Mimi sijambo.

Watafiti ninaofanya nao kazi watakuja Babati tarehe 20, zahanati ya karibu na kwako. Usiogope, hakuna kisu wala sindano. Wanabandika utepe wa gundi kwenye ngozi, wanabandua, wanabandika mwingine palepale. Katika vumbi la ngozi linalotoka wanasoma vinasaba gani viko kazini na vipi vimelala. Hapo ndipo tutajua kama mikono yako ina pumu ya ngozi au soriasisi, maana dawa ya hii siyo ya ile. Wanachukua mara moja tu. Uje na ngozi safi.

Mwanao,
Najma

Babati, 22 Machi 2019

Mwanangu Najma,

Marahaba. Huku wote wazima, mgonjwa ni mvua: inakuja, inaona aibu, inarudi.

Nilikwenda. Nilijisugua kwa dodoki, nikajipaka mafuta ya mgando mpaka viwiko vikawaka. Gaudiosa, jirani yangu, akauliza, "Mama Salimu, unakwenda kupimwa au kuposwa?" Nikamwambia, mpimaji au mposaji, yeyote atakayewahi. Hata kijana wa utepe alinisifu, "Mama, umependeza!" Akabandika, ukateleza, akabandika, ukateleza. Nikadhani ndiyo kazi yake.

Sasa nangoja jina la ugonjwa. Wateja wananiambia, "Tuonyeshe kwa kidevu tu, mama, khanga usishike." Kidevu kimechoka.

Shangazi yako

Moshi, 30 Agosti 2019

Shangazi,

Shikamoo. Poleni na vumbi la kiangazi. Salimu na mkewe hawajambo? Nisamehe kukawia. Kila nikishika kalamu naiweka.

Majibu yako hayapo. Utepe ulishika mafuta, ngozi iliyotoka haikutosha kusomwa. Niliposema safi nilimaanisha kavu, isiyopakwa kitu. Na mimi nimelelewa na wewe, uliyekuwa ukinirudisha ndani nikitoka nimepauka! Nilipaswa kukumbuka safi ya kwetu ni ipi. Nimewaomba warudie. Wamesema nafasi zimejaa, wamefunga.

Mwanao,
Najma

Babati, 14 Septemba 2019

Mwanangu,

Marahaba. Salimu na mkewe hawajambo. Barua yako niliisoma nikacheka, nikairudia, nikafunga duka.

Usijilaumu peke yako. Yule kijana aliona ninavyong'aa, akaona si adabu kumwambia mtu mzima ajifute. Wewe ulisoma, mimi nilioga, yeye alikuwa na adabu. Kwa wema wetu sote watatu ugonjwa umebaki bila jina.

Mbele ya duka sasa anakaa Shadya, mke wa Salimu, ana mikono laini. Mimi niko nyuma ya pazia, nataja bei.

Wakienda mji mwingine waambie wasiandike "safi". Waandike, "Njoo ulivyoamka." Miaka yote hii najipaka ili watu wasinione, Najma. Ningejuaje kwamba yupo mtu aliyesafiri mpaka Babati kunitaka nilivyopauka?

Shangazi yako